Kurefusha na kushusha pikipiki ya mbio nyumbani: hatari iko kwenye kazi iliyoachwa nusu

Tangu 1980, waendesha pikipiki Weusi wa Marekani hukutana kila mwisho wa Mei katika mji mdogo wa Atlantic Beach, South Carolina, na msafara wao hufurika hadi barabara za Myrtle Beach jirani. Ukitazama pikipiki zinazopita pale, utaona umbo moja likijirudia: Suzuki Hayabusa au Kawasaki ZX-14 iliyoshushwa hadi tumbo linakaribia lami, na gurudumu la nyuma limesogezwa nyuma kabisa, mbali na kiti. Umbo hilo lilizaliwa kwenye mbio za robo maili, mita 402 za mstari mnyoofu, kisha likahamia mtaani. Leo utalikuta pia Bahrain, ambako mbio za namna hiyo zinafanyika kwenye uwanja wa Sakhir.

Nyingi kati ya pikipiki hizo zilirefushwa na wenyewe, kwenye gereji za nyumbani, kwa spana za kawaida. Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wapenzi wa kona wanasema huku ni kuiharibu mashine ambayo wahandisi waliipima kila milimita. Wapenzi wa mstari mnyoofu wanajibu kwamba pikipiki ni yao na wanajua wanachokitafuta. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini naona zinabishana juu ya jambo lisilo kubwa zaidi.

Tuanze na faida, maana ni ya kweli na inahesabika. Pikipiki ya mbio ikiondoka kwa nguvu zote, kinachoizuia isiende kasi zaidi ni tairi la mbele kunyanyuka. Kikomo hicho hutegemea vipimo viwili: umbali wa kwenda mbele kutoka tairi la nyuma hadi kitovu cha uzito, na kimo cha kitovu hicho kutoka chini. Chukua mfano wa pikipiki na dereva wake wenye kitovu kilicho sentimita 70 mbele ya tairi la nyuma, na kimo cha sentimita 70. Tairi la mbele litaanza kunyanyuka mwongezeko wa kasi ukifikia sawa na nguvu ya mvutano wa dunia, yaani g 1. Sasa rudisha gurudumu la nyuma inchi 6, kama sentimita 15, na shusha kila kitu sentimita 5. Inakuwa 85 kwa 65, na kikomo kinapanda hadi karibu g 1.3. Ni asilimia 30 zaidi bila kuigusa injini. Hayabusa ilitoka 1999 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,299 na nguvu farasi zaidi ya 170, na umbali kati ya ekseli zake ni kama mita 1.48. Nguvu zote hizo hazina kazi kwenye gia ya kwanza kama dereva analazimika kupunguza mafuta ili asipinduke.

Mtu atasema Hayabusa za kuanzia 2021 zina kompyuta inayozuia tairi la mbele lisinyanyuke. Ni kweli, lakini kompyuta huzuia kwa kupunguza nguvu ya injini, wakati urefu unakuachia uitumie. Tena mfumo huo ulipangwa kwa umbo la kiwandani, na aliyebadilisha umbo asiutegemee kama zamani.

Hata breki za mstari mnyoofu hazipati hasara ambayo wengi huidhania. Pikipiki ndefu na fupi kwa kimo haiinami mbele sana kama ya kawaida ukishika breki, na tairi la nyuma hubaki chini. Isipokuwa kama mwenyewe amefunga foku za mbele, ile miguu miwili yenye springi inayoshika gurudumu la mbele, kwa mkanda ili zibaki zimebanwa, kama wafanyavyo wa mbio. Hapo foku hazina tena nafasi ya kucheza, na kwenye lami yenye mashimo tairi linarukaruka badala ya kushika.

Hasara inaonekana kwenye kona. Pikipiki ndefu inahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka na inachelewa kulala. Iliyoshushwa nayo hugusisha kigingi cha mguu, bomba la ekzosi au plastiki za ubavuni mapema zaidi. Kitu kigumu kikigusa lami katikati ya kona kinaweza kulinyanyua tairi, na safari ikaishia hapo. Kuna pia pembe ya foku. Ukishusha nyuma peke yake sentimita 5 kwenye pikipiki yenye mita 1.48 kati ya ekseli, foku zinalala kwa karibu nyuzi 2 zaidi, na usukani unakuwa mzito na mvivu. Ukishusha mbele peke yake, foku zinasimama wima zaidi, na kwenye mwendo mkubwa usukani unaweza kuanza kutikisika mikononi. Ndiyo maana anayeshusha anapaswa kushusha pande zote mbili kwa uwiano.

Kundi moja lina sababu tofauti kabisa nalo hukosewa haki katika mabishano haya: watu wafupi. Kiti cha Hayabusa kiko kama sentimita 80 kutoka chini, na pikipiki nyingi za mbio za cc 600 na 1,000 ziko juu zaidi ya hapo. Kwa mtu ambaye vidole tu ndivyo vinavyofika chini, kila taa nyekundu ni wasiwasi. Huyo ana haki ya kushusha, ila hana sababu yoyote ya kurefusha. Ningemshauri aanze kwa kupunguza sponji ya kiti na kuvaa buti za soli nene, kisha ashushe sentimita mbili au tatu mbele na nyuma, basi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, yaani springi ya shokapu ya nyuma. Mkono wa nyuma, ile fremu inayoshika gurudumu na kupanda na kushuka pamoja nalo, ni wenzo. Shokapu limeshika karibu na mwanzo wa mkono, na gurudumu liko mwisho. Kama mkono ulikuwa na sentimita 60 ukaufanya 75, urefu umeongezeka mara 1.25. Lakini ugumu wa springi unaousikia kwenye gurudumu hupungua kwa mraba wa namba hiyo, karibu mara 1.56. Springi ile ile, ambayo hukuigusa, sasa ni laini kwa zaidi ya theluthi moja. Uzito unaolikalia tairi la nyuma umepungua pia, kwa kuwa kitovu sasa kiko karibu zaidi na mbele, lakini si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo nyuma inazama. Ongeza na vile vipande vya kushushia, vinavyofungwa kwenye viungo vya shokapu, ambavyo navyo hubadilisha jinsi shokapu linavyovutwa, na una pikipiki inayogonga mwisho kwenye kila tuta. Mwenyewe anasema imekuwa ngumu, inapiga mgongo. Kumbe imekuwa laini mno, na anachokisikia ni chuma kufika kikomo.

Dawa yake ni springi ngumu zaidi, iliyohesabiwa kwa urefu mpya. Wanaoinunua nyumbani ni wachache, maana haionekani. Kromu inaonekana, tairi pana linaonekana, lakini springi imejificha chini ya kiti.

Je, nyumbani panafaa? Kwa sehemu kubwa ya kazi, ndiyo, nami nasema hivi bila kusita. Kubadilisha vipande vya shokapu, kupandisha foku kwenye vishikizo vyake, hata kufunga mkono wa nyuma mrefu ulionunuliwa mzima, ni kazi ya boliti na nati. Mtu mtulivu mwenye kitabu cha ufundi cha pikipiki yake na spana yenye kipimo cha kukazia anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi mwenye foleni ya wateja. Lakini kuna mambo ya kujua. Stendi ya kawaida ya gereji hunyanyua pikipiki kwa kuushika mkono wa nyuma. Ukifungua boliti za shokapu ikiwa juu ya stendi hiyo, hakuna tena kinachoshikilia mwili, na kilo zaidi ya 200 zinashuka juu ya gurudumu na juu ya vidole vyako. Uzito lazima ubebwe na fremu yenyewe, kwa jeki mbili imara au kwa mikanda iliyofungwa kwenye boriti nzito ya paa.

Kabla ya kufunga shokapu kwa mara ya mwisho, mwenye busara hulitoa na kuushusha mwili wote taratibu hadi gurudumu lifike pale litakapofika siku ya tuta baya. Kisha anachungulia kwa tochi. Je, tairi linagusa waya za taa ya nyuma? Linagusa plastiki? Mbele nako anafanya vivyo hivyo: madigadi ikipanda hadi mwisho, inaigusa rejeta? Ni kazi ya saa moja, na wengi huiruka kwa sababu pikipiki ikiwa imesimama inaonekana haina shida.

Cheni nayo ina hesabu yake. Ukirudisha ekseli sentimita 15, unahitaji kama sentimita 30 za cheni zaidi, juu na chini. Cheni ya saizi ya 530 ina milimita 15.875 kwa pingili, kwa hiyo ni karibu pingili 19. Lakini pingili huongezwa mbili mbili, hivyo utaweka 18 au 20 na kurekebisha ekseli. Nunua cheni nzima ya urefu huo, usiunge vipande viwili, na pingili ya kufungia iwe ya kugongwa riveti. Cheni ndefu huchapa na kuyumba zaidi, na ikikatika iko karibu na mguu wako. Bomba la breki ya nyuma lazima nalo liwe refu, na waya wa kipima mwendo pia. Bomba lililovutwa hadi likanyooka linaonekana salama gurudumu likiwa juu, kisha linakatika likishuka.

Kitu kimoja tu sikubali kifanywe nyumbani, nacho ni kukata mkono wa nyuma wa alumini na kuuchomelea vipande. Alumini iliyotiwa nguvu kwa joto kiwandani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo pembeni mwa mshono, hata kama mshono wenyewe umetoka mzuri. Kuirudisha kunahitaji tanuri na mtu anayejua vipimo vyake. Ufa huanza pale pasipoonekana, na mkono huo ndio unaolishika gurudumu la nyuma kwenye mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Vipande vya kuongezea vinavyofungwa kwa boliti ni afadhali, ila navyo vina mipaka: vifupi na vya kampuni inayojulikana, kwa barabara, sawa. Kwa yeyote anayetaka inchi 10 au zaidi, anunue mkono mzima hata kama bei ni mara kadhaa.

Halafu stendi ya pembeni. Pikipiki ikishuka, stendi inakuwa ndefu mno, na pikipiki inasimama wima badala ya kuegemea. Upepo kidogo, au mtoto akiigusa, inaanguka upande wa pili. Kuifupisha au kununua fupi ni gharama ndogo kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumlaumu mtu wa Florida au Georgia anayeirefusha Hayabusa yake kwa mikono yake mwenyewe na kuipeleka uwanjani Jumamosi. Ninayemwogopa ni yule aliyeweka vipande vya kushushia, akaacha springi ya zamani, akaacha stendi ndefu, kisha akaiuza. Pikipiki hizi huhama mikono, na anayeinunua mara nyingi ni kijana aliyependa umbo. Kijana huyo akague mishono kwa tochi, aangalie bomba la breki ya nyuma gurudumu likiwa limening'inia, akalie kiti na kuruka juu yake kwa nguvu, asikilize kama kuna kinachogonga. Na amuulize muuzaji ulipo mkono wa kiwandani. Kama umekatwa, aache.