Profesa Hajalipa

Chama chetu cha kuweka na kukopa, hapa Tanga, kilinikabidhi kazi ya kuhamisha madaftari yake kwenda kwenye programu ya wavuti. Nilianza na kiolezo cha Laravel, mfumo wa kujengea programu za wavuti, kilichokwisha kuandaliwa, ambacho ndani yake mlikuwa na kurasa za wanachama, mikopo na marejesho. Kupakua vifurushi vyake kulimaliza bando langu la wiki, jambo ambalo waandishi wa miongozo hawaoni haja ya kulitaja. Kisha, kama maelekezo yalivyotaka, niliijaza hifadhidata data za mfano, na Faker, maktaba inayobuni majina ya watu, ikanizalia Wamarekani hamsini, baadhi yao Maprofesa, wengine wenye shahada za udaktari wa meno.

Mweka hazina wetu, mzee mstaafu wa reli, aliomba nywila ili aone kazi ilipofikia. Nilimpa, nikamweleza kwamba wanachama wale walikuwa wa majaribio tu. Akaitikia, "Sawa mwanangu, hata sisi tulianza hivyo hivyo."

Kwenye mkutano mkuu alisimama na karatasi mkononi, akalalamika kwamba wanachama hamsini wapya hawajahudhuria kikao hata kimoja, kwamba Profesa mmoja ana malimbikizo ya miezi tisa, na kwamba barua pepe zote za madai zimerudi. Zisingefika, kwa sababu anwani zile ziliishia na example.com na ndugu zake, majina yaliyotengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano. Wajumbe walikwisha kupendekeza faini nilipoomba nafasi ya kueleza.

Kabla sijafungua kinywa, mkewe, ambaye naye ni mwanachama, aliinua karatasi nyingine: mchango wa mzee, alioulipa ofisini saa mbili asubuhi, ulikuwa umeandikwa saa kumi na moja alfajiri, naye akataka kujua alikuwa ofisini na nani saa hizo. Ikabidi nianze na suala la ndoa, nikieleza kwamba kiolezo kilikuja na saa ya UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ndipo nikawageukia Wamarekani na kuapa kwamba hawajawahi kuzaliwa.

Mzee alitafakari, akaniita pembeni.

"Wafute wote, mwanangu, ila yule mama daktari wa meno aliyemaliza mkopo kabla ya muda umwache. Mwanachama wa namna ile hatujawahi kumpata."