Ubao wa Naga na "njoo kesho" yetu

Kuna ubao kwenye ofisi za jiji la Naga, huku Ufilipino, ambao kila nikiusoma roho hunitulia, kisha huniuma. Kila huduma imeandikwa: hatua zake, karatasi za kuleta, ada kwa peso, muda wa kusubiri, na nani anahusika na hatua ipi. Chini kuna maelezo ya pa kupeleka malalamiko. Saa sita mchana dirisha haliruhusiwi kufungwa; sheria inataka wapokezane kwenda kula. Nani kwetu Tanzania hajaambiwa mhusika katoka, mhuri anao yeye, njoo kesho?

Utaratibu huu Naga iliupata kwa Jesse Robredo. Alizaliwa hapa 1958, akasomea uhandisi Manila, akafanya kazi kampuni ya San Miguel, na 1986, dikteta Marcos alipoangushwa, akarudi kwao. Mwaka 1988 akachaguliwa meya ana miaka 29. Jiji lilikuwa limeshushwa kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, kamari na maonyesho ya uchi vimeshamiri, mabasi na jeepney, daladala za huku, zimeziba katikati ya mji. Vituo vya magari akavihamishia nje ya katikati. Watumishi wa jiji akawapima kwa mtihani na kuwapanga kwa uwezo wao, hata kama mtu kaletwa na mjomba wake.

Na kwake mjomba alikuwepo kweli. Luis Villafuerte, mwanasiasa mzito wa jimbo la Camarines Sur, ndiye aliyembeba 1988. Walipokosana, uchaguzi wa 1992 mjomba akamsimamishia dada yake mwenyewe kumng'oa. Robredo akawaambia watu kwa Kibikol, lugha ya huku, "Ubos kung ubos, gabos kung gabos", yaani mkinichagua, chagueni orodha nzima. Wakampa viti vyote 10 vya madiwani.

Hapo ndipo tofauti na kwetu inapoanza, na ndiyo inayoninyima usingizi. Huku meya anapigiwa kura na mwananchi mwenyewe, kwa miaka 3, na kalamu ya kusaini anayo yeye. Vipindi 3 mfululizo vikiisha, anapisha. Kwetu madiwani wanachaguana meya, anavaa joho na mkufu, anafungua kikao, halafu mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais ndiye anayesaini. Barabara ikibomoka tunamtukana meya. Tunamtukana bure.

Najua nitakayoambiwa. "Umekula wali wao mwaka mmoja, tayari unatudharau." Simdharau mtu. Watumishi wa halmashauri zetu wengi ni wachapakazi kuliko wanavyolipwa, na mtendaji wa mtaa anayeandika barua kwa mkono kuanzia asubuhi namheshimu. Ninachokidai kinamsaidia hata yeye: kikiandikwa kwamba barua ni bure na inachukua dakika fulani, hakuna wa kumsingizia rushwa, na hakuna wa kumtuma aiombe.

Mwingine atasema mkataba wa huduma kwa mteja hata sisi tunao. Tunao, ndiyo. Nionyeshe ulipobandikwa, na jina la mtu wa dirisha namba 3 likiwa juu yake.

Jambo la pili nalitazama kwa wivu, nakiri. Mwaka 1995 Naga ilipitisha sheria ndogo iliyozaa Baraza la Wananchi. Vyama vya wakulima, wachuuzi, wanawake, madereva na wakazi wa mabondeni vinasajiliwa, vinachagua wawakilishi, na wawakilishi hao wanaingia kwenye kamati za baraza la jiji, wanazungumza na kupiga kura humo. Ndani ya kamati, jamani, pale mambo yanapopikwa! Kwetu mwananchi anaruhusiwa kukaa benchi la nyuma siku ya kikao kikubwa, kusikiliza chakula kilichokwisha pakuliwa.

Na wavamizi wa viwanja? Tangu 1989 kuna mpango unaoitwa Kaantabay sa Kauswagan. Wakazi waliojenga kwenye ardhi ya mtu kwanza waunde chama. Asiye na chama hana mlango wa kugonga. Kisha chama, mwenye ardhi na ofisi ya jiji ya maskini wa mjini wanakaa meza moja. Jiji linaweza kununua, au kumpa mwenye ardhi kiwanja kingine, au kuigawa: yeye abaki na upande wa barabarani wenye thamani, wakazi wapate wa ndani. Pengine wanakopa kama kikundi kwenye mfuko wa taifa, ambao kwa miaka mingi ulitoza riba asilimia 6 kwa mwaka, kwa miaka 25. Kinachoharibu ni marejesho. Familia chache zikiacha kulipa, majirani nao wanalegea, na deni ni la chama kizima. Kwa hiyo chama kilichoundwa haraka ili kupata kiwanja tu hufa mapema. Hata hivyo nilinganishe na tingatinga la alfajiri na alama ya X nyekundu ukutani?

"Kama kuzuri hivyo, mbona Wafilipino wamejaa Ghuba wanafanya kazi za ndani?" Swali la haki. Ufilipino ina umaskini, ununuzi wa kura, na koo zinazorithishana vyeo kama mashamba. Sheria ileile iliyompa Robredo kalamu imewapa kalamu wezi pia. Ndiyo maana namtaja yeye. Vipindi vyake vilipoisha 1998 hakumweka mke wala ndugu. Alikwenda kusoma Harvard, akarudi kugombea 2001, akaongoza hadi 2010. Mafuriko yakipita alionekana na koleo, kaptula na ndala, anazoa tope. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani na serikali za mitaa ndege yake ndogo ilipoanguka baharini Masbate, tarehe 18 Agosti 2012, akiwa njiani kurudi Naga. Mkewe, Leni, aliingia siasa baada ya msiba, akawa makamu wa rais, na tangu Juni 2025 ndiye meya, kwa kura.

Ubao nao ulitoka Naga ukasambaa. Mkataba wa jiji wa huduma kwa mteja, unaobandikwa kwenye ubao huo, ulichapishwa 2001. Sheria ya taifa ya 2007 ikazilazimisha ofisi zote za serikali kuwa na wa kwake. Ya 2018 ikaweka siku za kazi: 3 kwa jambo jepesi, 7 kwa gumu kidogo, 20 kwa la kitaalamu. Mtumishi akivunja mara ya kwanza, anasimamishwa miezi 6. Mara ya pili, kazi imekwisha na jela inamsubiri. Na kuna kifungu ambacho ningependa kila diwani wetu akisome kwa sauti kikaoni: karatasi zimetimia, ada imelipwa, siku zimepita na ofisi imekaa kimya, basi ombi limekubaliwa.