Maji ya Mgao na Wanangu Wawili

Aliyeishi Dodoma anajua kwamba mvua zetu huja msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwamba visima vya Mzakwe vina watu wengi wa kuwanywesha, kwa hiyo mtaani kwetu maji hutoka kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane. Juzi niliamka saa nane za usiku, nikajaza pipa la lita 200, ndoo nne na beseni la kufulia, kisha nikarudi kulala nikijiona tajiri.

Kulipokucha, wanangu wawili, mkubwa wa miaka mitatu na mdogo wa mwaka na nusu, walikuwa wameshafunua ndoo ya maji ya kunywa na kupika humo ubwabwa wa udongo mwekundu, huku kandambili ya baba yao ikiwa ndiyo mwiko. Mdogo alikuwa amehamia ndani ya beseni na nguo zake zote, akiyapiga maji kwa viganja na kucheka. Nilipouliza ni nani aliyeanza, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole (mdogo, ambaye bado hajui kusema lolote zaidi ya "mama" na "maji", alinyoosha vyote viwili).

Kinachoniudhi zaidi si kupiga deki, bali majirani wanaoniambia kwa upole kwamba niwaache tu, kwa kuwa watoto ni baraka. Baraka hizo zimemwaga ndoo mbili, na mgao unaofuata ni keshokutwa.