Saa 2,000 zimetimia: injini ishushwe au iachwe?

Tuseme ni Piper Aztec, ndege ndogo ya injini mbili, imeegeshwa uwanja wa Moi, Mombasa. Injini ya kushoto imetimiza saa 2,000, muda ambao Lycoming, watengenezaji wake, wanapendekeza ishushwe na kufunguliwa yote. Lakini haili oili kupita kawaida, silinda zinashika presha, na rubani hana lalamiko. Ishushwe, au iachwe iendelee kula saa?

Kwa ndege ya biashara mwenye mali haamui peke yake, maana ratiba ya matengenezo huidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Marekani mtu anayerusha ndege yake binafsi halazimiki kufuata ukomo huo wa saa. Hoja yenyewe lakini ni ileile kokote: saa zilizoandikwa kitabuni zinasema nini juu ya chuma kilichomo ndani?

Wanaotaka ishushwe hawasemi kwa woga. Unaweza kupenyeza kamera nyembamba ndani ya silinda ukaona ukingo wa valvu ya ekzosi ulivyoungua, lakini krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haichunguliki hivyo. Ufa ulioanza kwenye chuma chake hujulikana kikishatolewa, kikaoshwa na kupimwa. Kisha kuna safari zenyewe. Ndege inayokwenda Manda au Ukunda haikai mbali na maji, na injini moja ikizimika haibakizi nusu ya nguvu ya kupanda kama abiria wanavyodhani. Hupoteza asilimia 80 hivi, pengine zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu hutumika kuibakisha ndege hewani tu, na kile kidogo cha ziada ndicho kilichokuwa kikiipandisha. Halafu mwenye injini mbili ana nafasi maradufu ya kuharibikiwa na mojawapo. Hesabu hiyo haitajwi sana siku ya kuuziana ndege.

Upande wa pili nao una ushahidi ambao ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za Uingereza zilizokuwa zikiwinda nyambizi. Kila baada ya saa 50 ndege iliingia servisi. Walipopanga hitilafu kwa saa zilizotokea, waliziona zimejazana mara tu baada ya servisi, kisha zikipungua kadiri ndege ilivyozidi kuruka. Mikono ya kutengeneza ndiyo iliyokuwa ikiharibu. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la United Airlines wakatoa ripoti iliyoonyesha kuwa asilimia 11 tu ya vipuri walivyochunguza ndivyo vingefaidika kuwekewa ukomo wa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya. Na injini iliyotoka kufunguliwa yote, kwa hesabu hiyo, ni mpya.

Watu wa upande huu hutupiwa ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila methali inataka ufa uwepo kwanza. Haikusema ubomoe ukuta kila baada ya muda ili uone kama una ufa.

Hata hivyo, takwimu za United zilitoka kwenye ndege kubwa za abiria, na ukizibeba nzimanzima hadi kwenye injini ya pistoni utajikwaa. Mipira ya mafuta hukauka ikapasuka. Magneto, kifaa kinachotoa umeme wa cheche za injini, huchakaa. Anayetaja ripoti ya 1978 ili asifungue magneto kwenye saa 500 zinazopendekezwa anatafuta kisingizio cha kubana pesa.

Mimi naona pwani hii pande zote mbili zinabishania kipimo kisicho chetu. Mwenye ndege anayeruka saa 60 kwa mwaka atahitaji zaidi ya miaka 33 kufikisha 2,000. Lycoming wenyewe wameweka na ukomo wa miaka 12, na ndani ya miaka hiyo mtu huyu atakuwa amemaliza saa 720 tu. Injini yake itakufa kwa kutu kabla ya kuchakaa. Katika Lycoming nyingi kamshafti, mhimili unaofungua valvu, iko juu ya krankshafti. Ndege ikilala, oili hutiririka chini, kamshafti ikabaki karibu uchi, na hewa ya Mombasa haihitaji kukaribishwa. Aliyewahi kuezeka mabati Nyali au Bamburi anaijua.

Msimu wa masika ndio mbaya. Wageni wamepungua, mvua haikatiki, ndege inakaa. Mwenye mali, kwa nia njema kabisa, anamwambia fundi aiwashe kila wiki dakika kumi. Bora asingeiwasha. Injini inayowaka huzalisha maji, na dakika kumi hazitoshi kuyachemsha yakatoka kwenye oili. Ushauri wa Lycoming ni kuirusha angalau mara moja kila siku 30, saa nzima, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Oili nayo hubadilishwa kila saa 50 au miezi minne, kitakachotangulia, hata kama ndege haijatoka bandani. Manahodha wa majahazi hawajawahi kuhesabu saa. Hupandisha chombo ufukweni kwa majira, wakakikalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, na kukipaka sifa, yale mafuta ya samaki, kwa kuwa maji hula mbao kikiwa safarini na kikiwa kimefunga.

Kwa hiyo injini yetu ya kushoto ningeiacha, kwa sharti ichunguliwe mara nyingi kuliko sasa. Kila oili inapomwagwa, filta ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe, chembe zitafutwe kwa sumaku. Silinda zipimwe presha, valvu ziangaliwe kwa kamera na picha zihifadhiwe ili za mwaka huu zilinganishwe na za mwaka jana. Chembe za chuma zikionekana zinaongezeka, ishushwe hata kama ina saa 900.

Na kuna jambo la ndege ya injini mbili ambalo mabishano ya saa huliacha nje. Mwaka 1983 ndege ya Eastern Air Lines, yenye injini tatu, iliondoka Miami kwenda Nassau baada ya servisi ya kawaida. Mafundi walikuwa wamefunga vitambuzi vya chembe za chuma kwenye oili ya injini zote tatu bila vipete vyake vya mpira. Oili ikavuja kote. Injini zote zilizimika, na marubani walifaulu kuiwasha tena moja wakarudi Miami salama. Ubovu haukuwa wa uzee wa chochote. Kosa moja lilirudiwa mara tatu katika servisi moja.

Ndiyo maana ningependa injini ya kushoto ifanyiwe servisi leo, ndege iruke saa kadhaa, kisha ya kulia, tena na fundi mwingine ikiwezekana. Hiyo ni ndege kusimama mara mbili badala ya moja. Agosti, Diani ikiwa imejaa wageni, mwenye ndege atakayelikubali hilo bila kununa ni wa kutafutwa kwa tochi.