Developa wa Mbeya na kampuni kubwa: anapata nini, anakosa nini

Kila wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanapovua majoho pale Iyunga, ushauri wa nyumbani huwa ni mmoja: panda basi uende Dar, tafuta benki au kampuni ya simu. Siku hizi kuna sauti ya pili, ya vijana waliokwisha kwenda. Wao wanasema kule developa, yaani mtengenezaji wa programu za kompyuta, ni karani wa mifumo ya watu wengine, heri ubaki Mwanjelwa uwatengenezee wafanyabiashara programu zako mwenyewe. Pande zote mbili zina hoja. Kinachonisumbua ni kwamba zinabishania mshahara na uhuru, wakati mambo yenye uzito yako kwingine.

La mshahara nalipita haraka. Kampuni kubwa inalipa kwa tarehe, inachangia NSSF na mara nyingi inatoa bima ya afya. Lakini Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika, mwenye nyumba wa Dar anadai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na nyumbani wameshasikia kwamba umepata kazi. Ukubwa wa kampuni nao si kinga: Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kusomwa. Chukua badiliko dogo kabisa: kurekebisha jinsi salio linavyoonekana kwenye simu ya mteja. Mtaani unalifanya jioni, unalipandisha kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha programu, unalala. Kwenye benki kubwa unaandika kwanza kwa nini linahitajika. Mwenzako anasoma msimbo wako, yaani maagizo ya programu uliyoyaandika, mstari kwa mstari na kukuuliza salio likiwa hasi itakuwaje. Unarudi unarekebisha. Watu wa majaribio wanalipitia, kisha linakwenda kwenye kikao cha mabadiliko, na kama ni mwisho wa mwezi linasubiri mishahara ya watu ipite. Hatimaye linawekwa usiku wa manane, nawe uko macho, njia ya kurudi nyuma ikiwa imeandaliwa.

Vijana wanauita urasimu, na upo urasimu wa kweli humo. Ila chanzo cha utaratibu huo ni hasara zilizowahi kuwapata watu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ikaamsha msimbo wa zamani, na ndani ya dakika 45 hivi kampuni ikapoteza takribani dola milioni 440. Developa aliyejifunza peke yake, hata awe na kipaji cha namna gani, hana mtu wa kumuuliza kuhusu seva ya nane.

Hata hivyo, wanaolalamika wana jambo zito. Mifumo mikuu ya benki nyingi hununuliwa nje, kwa kampuni kama Temenos ya Uswisi au Oracle ya Marekani. Kinachobaki kwa kijana wetu mara nyingi ni kuunganisha: mfumo ule na malipo ya simu, na ripoti, na namba za malipo ya serikali. Ni kazi ngumu na ya heshima, lakini anaweza kuifanya miaka mitatu bila kubuni kitu kuanzia mwanzo, na bila kumwona hata mtu mmoja anayetumia alichokitengeneza.

Hasara hii ya pili, ya kutomwona mtumiaji, ndiyo inayoniuma. Kaa na karani wa chama cha ushirika cha kahawa kule Mbozi siku ya mapokezi. Anasoma mzani, anaandika kilo kwenye daftari, anamwonyesha mkulima, mkulima anatikisa kichwa kukubali, ndipo anaingiza kwenye kompyuta, tena baadaye, foleni ikipungua. Daftari halitoki mezani kwa sababu umeme unakatika na kwa sababu mkulima anaamini anachokiona kwa wino. Developa aliyeona hivyo atatengeneza programu inayokubali kilo za foleni nzima kwa mpigo, na inayotoa risiti papo hapo. Aliyeletewa maelezo kwa barua pepe ghorofani atatengeneza fomu yenye visanduku kumi na viwili vya lazima.

Kwa hiyo hukumu yangu inaegemea kwenda, kwa sharti moja: chagua timu, usichague jina la kampuni. Kwenye usaili uliza nani atasoma msimbo wako, na lini mara ya mwisho developa wao alitembelea tawi la wilayani. Wakikosa jibu la swali la kwanza, baki Mbeya, maana hutapata hata kile kinachowafanya wengine waende.

Nazo kampuni zina deni. Zinakopesha wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe, zinakusanya malipo ya mpunga wa Mbarali, lakini timu zao za programu kwa kawaida ziko Dar. Sababu inayotolewa ni kwamba mtandao wa mikoani hauaminiki. Lakini Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita Mbeya kuelekea mpaka wa Zambia pale Tunduma. Na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, Dar nayo ilihangaika kama sisi. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba developa mchanga akiwekwa mbali na wakubwa wake hujifunza polepole. Hiyo naikubali. Basi waje na mkubwa mmoja pamoja na vijana watatu, wakae kwenye tawi la Mbeya msimu mmoja wa mavuno, msimbo wao uendelee kusomwa na wenzao wa Dar, na asubuhi za mapokezi wawe ghalani.