Nani ashike ufunguo wa kompyuta ya Shangazi?

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza. Ana kompyuta mpakato ya mtumba aliyonunuliwa na wanawe, na kazi anazoifanyia si za mchezo: anachapa mitihani ya shule ya awali ya jirani, anatunza hesabu za kikoba chao kwenye Excel, na jioni bando likiruhusu anasikiliza kaswida YouTube. Mimi niko Dar es Salaam. Ikikwama, napigiwa mimi. Mwaka wa tatu huu naingia kwenye kompyuta yake nikiwa kwangu, nakiona kioo chake chote, nauendesha mshale wake. Siku ya kwanza alipouona mshale unatembea wenyewe aliniuliza, "Mwanangu, hiki chombo kina jini au ni wewe?"

Kwamba asaidiwe, hakuna anayebisha. Kilichotugawa kwenye familia ni mlango. Programu za msaada wa mbali, ziwe AnyDesk, TeamViewer, RustDesk au Chrome Remote Desktop, zina namna mbili za kuingia. Kuna ile ya kubisha hodi: mwenye kompyuta awepo, asome namba, akubali, ndipo mgeni aingie. Na kuna ile ya kuweka nywila ya kudumu, ambapo anayeijua huingia saa yoyote kompyuta ikiwa imewashwa na ina intaneti, hata mwenyewe akiwa shambani. Binamu yangu aliye Mwanza anataka hii ya pili, mama asisumbuliwe. Dada yake hataki hata moja. Anasema fundi yupo pale mjini, apelekewe, basi.

Hoja ya dada huyu watu wa mjini huicheka haraka mno. Fundi ana uso. Shangazi anamjua mama yake, anajua anaposwali, na akiharibu kitu atakutwa. Dhamana ya namna hiyo hakuna programu inayoitoa. Lakini nimeziona kazi za mafundi wa mitaani. Dawa yao kwa karibu kila ugonjwa ni kupiga Windows upya, na Windows yenyewe mara nyingi ni ya kukraki, inayoamilishwa kwa kiprogramu ambacho sharti lake la kwanza ni kuzima antivirusi. Katikati ya hapo kompyuta imelala dukani siku mbili, na nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na picha, na daftari la kikoba. Hakuna anayeuliza nani aliifungua usiku. Tunamwogopa mgeni wa mbali kwa sababu hatumwoni, halafu wa karibu tunamkabidhi nyumba nzima kwa sababu tumemwona.

Na msaada wa mbali una siku zake za kung'aa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta ya Shangazi haiwezi kuhamia Windows 11, inayodai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine ya umri wake haina. Nafuu iliyotolewa kwa watumiaji wa nyumbani ilikuwa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Nilimwandikisha kwa robo saa, yeye akiwa kwake anapepeta mchele, simu ameiweka spika. Bila hivyo ingekuwa nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi, au, ukweli wenyewe, ingekuwa haijafanyika.

Hapo kwenye masasisho pana kitendawili kinachowahusu wengi wetu. Intaneti yake inatoka kwenye simu. Ukiiacha Windows ijisasishe inavyotaka, bando la wiki linaisha kwa asubuhi moja na hajui limekwenda wapi. Ukiiwekea alama kwamba muunganisho huu unapimwa, yaani data yake ina kikomo, bando linapona lakini masasisho mengi yanasubiri, na kompyuta inabaki na matundu yake. Anayeweza kuamua leo tupakue, kesho tusipakue, ni mtu mwenye muda na anayeelewa. Kwa kazi hii peke yake, binamu yangu ana haki kutaka mlango ulio wazi: usiku, bando la usiku, mama amelala, kazi inafanyika.

Hoja yake kali zaidi, ambayo nilichelewa kuielewa, ni nyingine. Kila mara ninapomsaidia Shangazi kwa kubisha hodi, ninamfundisha jambo. Simu inaita, sauti inasema fungua programu fulani, nisomee namba hizo, sasa bonyeza Kubali. Anatii. Nimemzoesha miaka mitatu. Na hayo ndiyo maneno, kwa mpangilio uleule, ambayo tapeli atayasema siku atakayempata. Mei 2024 Microsoft yenyewe ilieleza kwamba tangu katikati ya Aprili mwaka huo kundi la wahalifu iliyolipa jina la Storm-1811 lilikuwa likitumia Quick Assist, programu ya msaada wa mbali ya Windows. Njia yao ilikuwa rahisi: wanalijaza sanduku la mtu barua pepe za takataka hadi achanganyikiwe, kisha wanampigia wakijifanya mafundi waliokuja kumwokoa na zile takataka. Anawafungulia mwenyewe, tena kwa shukrani.

Wazee wetu wanaijua meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Shangazi akiipata anacheka, anaipeleka 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, anaendelea na mambo yake. Wanaijua kwa sababu wamekwishasikia jirani aliyeliwa. Ya kompyuta bado haina jirani wa kumtolea mfano pale Muheza.

Wapo wanaosema tofauti iko kwenye mwelekeo wa namba. Kwenye Quick Assist anayesaidia ndiye hupata namba na kumpa anayesaidiwa aiingize. Kwenye TeamViewer au Chrome Remote Desktop namba hutoka kwa anayesaidiwa, na hiyo ya Chrome hufa baada ya dakika tano. Ni kweli, na mhandisi anaweza kufurahia. Kwa mzee aliyeshika simu sikioni haina maana yoyote. Namba ni namba, na sauti inayoitaja au kuiomba inasikika kama ya mtu anayejua. Kwa mantiki hiyo nywila ya kudumu inaonekana kuwa salama zaidi, kwani Shangazi hatasoma wala kukubali kitu maishani mwake, na yeyote atakayemwomba namba atajulikana hapo hapo kuwa mwizi.

Nilikaribia kukubali. Kilichonirudisha nyuma ni faili moja.

Siku hiyo nilikuwa nasafisha takataka, nikaona kwenye kioo, kati ya "Mtihani Darasa la Awali" na "Michango Machi", faili limeandikwa "Wosia". Sikulifungua. Lakini kuanzia hapo nilijua kwamba naweza, na kwamba kwa nywila ya kudumu ningeweza saa nane za usiku bila mtu kujua. Na nywila hiyo, tuseme kweli, isingekuwa yangu peke yangu. Ingekuwa ya binamu, ingekuwa ya mdogo wake, ingetumwa WhatsApp siku moja mtu akiwa safarini. Siku simu mojawapo kati ya hizo itaibiwa, ufunguo umekwenda nayo. Kuna na kampuni zenyewe: Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ilivamiwa, ikafuta nywila za tovuti yake ya wateja na kubadilisha vyeti vya usalama.

Hata sheria haikunyamaza hapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwa makusudi kwenye kompyuta ya mtu bila uhalali kuwa kosa la jinai. Sidhani yupo shangazi atakayempeleka mpwa wake polisi. Ila ruhusa aliyoitoa mara moja mwaka juzi, akidhani ni ya siku ile tu, naona haya kuiita ruhusa ya leo.

Na kosa la kweli lililokwishatokea ni langu, halikuhitaji mwizi. Mwaka jana nilimpangia vizuri kioo chake: njia za mkato zote ndani ya folda moja, safi kama meza ya ofisi. Sikumwambia. Asubuhi alifungua akakuta peupe, akaamini daftari la kikoba limepotea, na siku ile ndiyo ilikuwa ya kikao. Aliwaambia wenzake kompyuta imekufa. Walimwamini, lakini hakusahau aibu ile, na mimi sikusahau alivyoniambia kwa upole, "Ungebisha hodi, baba."

Wenye vikoba wanalijua sanduku. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Hakuna anayedhani washika funguo ni wezi. Ni kwamba hata mtu mwema anapaswa kuwasubiri wengine ndipo afungue. Nilipomweleza Shangazi ubishi wetu, yeye ndiye aliyelileta sanduku kwenye mazungumzo, si mimi. Alisema mpango wa binamu ni wa sanduku lenye kufuli moja, na ufunguo kwa mtu asiyehudhuria vikao.

Kwa hiyo niko upande wa hodi, ila si hodi ile ya zamani. Tulichobadilisha ni nani anaanza. Mimi simpigii simu kumwambia afungue programu. Yeye ndiye anapiga, kwenye namba yangu aliyoiandika kwa kalamu kwenye daftari. Namba za programu hasomi kwenye simu aliyopigiwa, hata sauti iwe yangu. Ninachotaka kugusa nakitaja kabla sijakigusa. Kazi ikiisha, anaifunga programu yeye, si mimi. Na akiuona mshale unatembea siku ambayo hakunipigia, asitafute kitufe chochote kwenye kompyuta: azime data kwenye simu. Mlango wote unapita hapo.

Sidai mpango huu ni wa milele. Macho yake yanazidi kupungua nguvu, na itafika siku kusoma namba kwenye kioo hatakuweza. Siku hiyo hoja ya binamu itarudi, na huenda itashinda. Ninachoomba ni kwamba swali la nani apewe nywila hiyo, na la nani asipewe, alijibu yeye mwenyewe wakati bado anajua anachokijibu, kama alivyoamua yaliyomo ndani ya lile faili.

Wiki iliyopita nilijisahau. Palikuwa na sasisho la haraka, nikampigia, nikasalimu, nikamwambia afungue programu tumalize mara moja. Kimya kidogo. Kisha akasema, "Kata simu. Nitakupigia mimi."

Nilikata. Alipiga baada ya dakika arobaini, alikuwa kwanza anamalizia kufua.