Usukani Utauzoea, Papa

Leo asubuhi fundi amenikabidhi funguo za gari langu, akapangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema kwa upole: "Papa, gari limepona. Ila usukani utauzoea." Ili gari hilo lililopona liende mbele, ni lazima niushike usukani ukiwa umepinda, mkono mmoja juu karibu na kioo na mwingine chini karibu na goti, na nikithubutu kuunyoosha jinsi Mjapani alivyokusudia, gari linageuka taratibu kuelekea mtaroni. Kwa hiyo garaji imefanya uchunguzi wake na kuamua kwamba, kati ya gari na mimi, anayeweza kurekebishwa kwa bei nafuu ni mimi.

Ajali yenyewe sitaisimulia kwa urefu, maana kila anayeishi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, anaijua hata kama hakuwepo. Chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia ya makala, yaani mkaa, ilikuwa inateremka, motari, dereva wa pikipiki, akaikwepa, teksi ikamkwepa motari, na mimi niliyekuwa wa mwisho katika msururu huo wa kukwepana sikuachiwa nafasi ya kukwepa chochote, bali niliguswa ubavuni na teksi na kusindikizwa hadi kwenye jiwe la ukingo wa barabara. Mawe hayo mnayajua. Volkano yetu ya Nyiragongo iliyamwaga hadi katikati ya mji mnamo Januari 2002, ikaongeza mengine kule Buhene tarehe 22 Mei 2021, nasi tukayafanya misingi, kuta na mipaka ya viwanja, na yaliyobaki tukayaacha barabarani yatusubiri. Liliumia gurudumu la mbele la kulia, yaani upande ninaokaa mimi, kwa sababu gari langu, kama mengi ya hapa, lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoendesha kushoto mwa barabara, ilhali sisi tunaendesha kulia. Dereva hukaa upande wa mtaro, na anayeona kinachokuja tunapotaka kulipita lori ni mke wangu, ambaye huamua kwa niaba ya familia nzima.

Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, alifika, akazichunguza karatasi zangu kwa muda mrefu kuliko alivyoichunguza ajali. Mtu wa asiransi, yaani bima, alifika pia, akalipiga picha bampa, akaandika neno "mkwaruzo," akaondoka.

Hapo ndipo msiba wangu ulipoanzia, kwa maana katika mji huu kila mtu huhukumu ajali kwa bampa. Majirani wa avenyu yetu walikuja kunipa pole, wakapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, wakamshukuru Mungu kwamba gari halina kitu. Hakuna hata mmoja aliyeinama. Lakini gurudumu likigonga jiwe kwa ubavu, pigo haliishii kwenye rimu. Hupita kwenye chuma kinacholishika gurudumu, likaingia kwenye mkono wa chini ambao mafundi wetu huuita triangili, likaishia kwenye fremu inayoshikilia mikono hiyo na injini, na njiani hupinda kile kilicho dhaifu kuliko vingine. Mimi niliinama, pamoja na umri wangu na suruali yangu ya kanisani. Upande wa kushoto, kiganja changu kizima kilipita kati ya tairi na ukingo wa nyuma wa nafasi yake. Upande wa kulia vidole viwili vilipita kwa shida. Nikachukua futikamba ya kushonea ya mke wangu, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto, na vipimo havikulingana. Gurudumu lililorudishwa nyuma kwa pigo halipotezi njia peke yake. Kuna kitu kimelishika mahali lisipostahili kuwa.

Nikaenda garajini nikiwa na futikamba mfukoni na maneno yangu nimeyapanga.

Garaji ni uwanja wa mawe meusi wenye mti mmoja, na chini ya mti huo hukaa fundi mkuu, wanafunzi wake, mtu anayeuza vocha, na wengine ambao sijawahi kuelewa kazi yao ila huwa na maoni. Nilieleza kila kitu kwa utaratibu. Fundi mkuu alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasimama, akalizunguka gari, akalipiga tairi teke, akasikiliza, akatangaza: "Ni silambloki," yaani zile bushi za mpira kwenye maungio ya mkono. Msaidizi wake naye akalipiga teke, akasema ni rotili, kile kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka. Muuza vocha, ambaye hakusimama wala hakupiga teke, akasema ni paralelizimu tu, yaani magurudumu hayaelekei sambamba, kwamba shemeji yake alikuwa na tatizo hilohilo. Nikaomba, kwa sauti ya mtu mwenye watoto sekondari, kwamba gurudumu liinuliwe kwanza. Wakatazamana. Jeki ililetwa, ikateleza kwenye jiwe, likaletwa jiwe lingine la kuliegemeza jiwe lile, na hatimaye gurudumu likawa hewani.

"Sasa lishikeni juu na chini mlitikise," nikasema. "Likicheza hivyo, ni rotili au rulema, ile beringi ya gurudumu. Kisha lishikeni kushoto na kulia. Likicheza hivyo, angalieni fito za usukani." Kijana mmoja akalitikisa juu na chini, na rotili ikajibu *ko-ko-ko* kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Fundi mkuu akatabasamu. "Papa, hiyo ni sauti ya kawaida ya Toyota RAV4."

Nikauliza kuhusu mafuta yaliyokuwa yakitiririka kwenye amotiseri, yaani shokomzoba. Akasema ni jasho. Nikauliza kama jasho hulowanisha hadi springi. Akasema inategemea hali ya hewa.

Walipoukubali ukaidi wangu, waliufungua mkono wa chini wakaulaza juu ya tairi kuukuu. Nikawaomba waufungue na wa kushoto, ili tuiweke miwili sambamba na kulinganisha, kwa sababu imetengenezwa iwe pacha zinazotazamana, na pacha mmoja akipinda mwenzake humsema. Fundi alikataa kumfungua asiyeugua. Badala yake akaunyanyua ule wa kulia hadi usawa wa uso, akafumba jicho moja, akaukodolea kwa jicho lililobaki. Wote walikaa kimya. Nakiri palikuwa na fahari fulani mahali pale. "Umepinda," akasema, "lakini kidogo." Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada nafasi ambayo msaidizi aliipunguza na muuza vocha akaiongeza. "Tutaupasha moto, tutaunyoosha, utarudi mpya."

Hapo niliuacha upole. Nikawahutubia. Nikasema kwamba chuma kilichopinda kwa pigo kimekwisha kuchoka mahali kilipopindia, kwamba kukipasha moto ni kukiondolea nguvu alizokipa aliyekitengeneza, na kama kingekuwa cha alumini ingekuwa mbaya zaidi, maana huweza kupasuka bila kutoa taarifa. Kwamba shimo la kwanza pale mtaa wa Majengo lingekirudisha kilivyokuwa, na siku rotili itakapochomoka gurudumu litajilaza chini ya gari nikiwa na familia nzima ndani, pamoja na mama mkwe. Walisikiliza. Nilipomtaja mama mkwe niliona wametikisika kidogo. Lakini fundi mkuu akaninyooshea kiganja, akanikumbusha kifungu cha 15, kile cha jipange mwenyewe, ambacho kila Mkongomani amekihifadhi bila kuonyeshwa kilikoandikwa. Wakati huohuo nikaona makala yanashushwa kwa ajili ya moto, na yaliletwa na chukudu. Nilitaka kuuliza kama ni ileile, nikaona nisijue.

Nikasimama kati ya mkono na moto. Nikasema nitanunua mpya.

Kwenye maduka ya Birere nilipewa mkono wa kushoto ndani ya boksi lililoandikwa kulia, na nilipoubadilisha nikaelezwa kwamba kuna orijino na kuna orijino kabisa, zote kutoka rafu moja.

Nikarudi, nikamlipa fundi malipo ya kwanza kwa noti ya dola ishirini. Basi, yule mtu aliyeukagua mkono wa gari langu huku jicho moja kalifumba, akaipokea noti kwa mikono miwili. Akaielekeza kwenye jua. Akaigeuza. Akaisugua kwa ukucha kola ya mtu aliye kwenye picha, akaisikiliza, akamwita kijana mwenye macho mazuri, na kijana akaja akiwa amenawa mikono, jambo ambalo hakulifanya alipofungua rulema yangu. Wakagundua, ukingoni, mpasuko ambao mchwa angeona aibu kuuita kazi yake.

"Papa, hii haipiti."

"Imepasuka kidogo," nikasema, nikimwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

"Kidogo ni kidogo, lakini haipiti."

"Tuipashe moto, tuinyooshe."

"Papa," akasema kwa huruma ya kweli, "noti hainyooshwi."

Sitaki kusema nilichosema. Ninachotaka kujua, na nauliza bila hasira, ni kwa nini katika mji mzima kipande cha karatasi kilichotoka Marekani hupimwa kwa jua, kwa ukucha na kwa sikio, ilhali chuma kinachoshikilia uhai wa watu watano hupimwa kwa teke. Kama mafundi wangekagua rotili jinsi wanavyokagua pembe za dola, mikono yetu ya chini ingekuwa inafika hadi kule mbali Kanyabayonga na kurudi bila kulia. Nimetafuta noti nyingine kwa jirani, akanipa ya kwake kwa masharti kwamba nisiikunje. Nikaibeba ndani ya Biblia.

Kuhusu kufunga, nilipoteza kila hoja. Nilisema boliti za silambloki zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, kwa sababu mpira ukikazwa gurudumu likining'inia, utabaki umejinyonga kila gari likishuka, na utapasuka mapema. Wakasema chini hapafikiki. Nilisema nati za kujifunga zenyewe zisirudishwe mara ya pili. Wakazirudisha na kuzigonga nyundo ili zikumbuke kazi yao. Nilisema amotiseri hubadilishwa mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja, maana mpya na kuukuu haziwezi kulituliza gari kwa kiasi kimoja. "Upande wa pili haujalalamika," akajibu fundi, na akafunga moja.

Sasa nipo kwenye kiti cha plastiki mahali penye mashine ya kupima magurudumu, nilikokuja moja kwa moja kutoka garajini, kama neno hilo bado linanihusu. Mashine ipo, umeme haupo. Jenereta ipo, mafuta hayapo, na wateja tumeombwa tuchange. Nimechanga. Hapo ndipo mtu mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alipotangaza kwamba, kwa kuwa amechanga zaidi, gari lake lipimwe pande zote nne na langu mbili, na tukalijadili jambo hilo kwa muda ambao jenereta ilikuwa inaunguza michango yetu.

Karatasi yangu imetoka. Upande wa kushoto ni kijani, upande wa kulia ni nyekundu. Kijana wa mashine amezigeuza fito za usukani mpaka usukani ukasimama wima, na kwa dakika hiyo moja nilimpenda. Kisha akanionyesha kwamba juu ya gurudumu la kulia bado kumeinamia ndani, na mwinamo huo hauna boliti ya kuugeuza. Mkono ni mpya, kwa hiyo kilichopinda ni kile chuma kinachoshika gurudumu, au mguu wa amotiseri iliyofungwa leo ikitoka kwenye boksi la orijino kabisa, au fremu yenyewe, ambayo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na hakuna aliyeipima. "Tairi litalika upande wa ndani," amesema. Nimemuuliza litalika kwa muda gani. Ameonyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

Tairi jipya nalo lina hadithi yake, kwa sababu yanayouzwa hapa kama mapya yamekwisha kuzunguka nchi nyingine, na kuna yale yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto hadi ukadhani yametoka kiwandani, mpaka mvua ya kwanza itakaponyesha kwenye mteremko wa Himbi. Mke wangu anasema ningenunua chukudu, ambayo haina rotili wala silambloki, ni mbao na mpira wa tairi kuukuu, na haipimwi na mashine yoyote. Lakini kwenye chukudu yeye angekaa wapi aamue.

Shemeji yangu amepiga simu sasa hivi akiomba gari siku ya Jumamosi, ampeleke bibi harusi mjini Sake. Nimemwambia aje alichukue, ila mashimo ayakwepe yote, na mafuta atie mwenyewe.